Nimetangazwa Mzima Kanisani, Mnanichunguza Nini Tena?

Kinyamaseke, Jumatatu

Kwa Daktari Msimamizi, Kliniki ya Wagonjwa Waliokwisha Kutibiwa

Mheshimiwa Daktari,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Tsongo, mgonjwa wenu wa zamani. Narudia: wa zamani. Mlinichoma mionzi ya saratani ya koo, nikamaliza mwaka jana, tukaagana vizuri. Tangu hapo hamnipi nafasi ya kupumua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila baada ya miezi miwili mnaniita huko kliniki Bwera mnitazame. Mimi ni sinema? Sista Laurentine hunimulika kinywani, hunipima uzito, kisha huniuliza kama nameza vizuri. Nameza! Chupa ya maji natembea nayo kwa sababu mate mliyakausha wenyewe.

2. Mwezi wa sita tulifanya ibada ya shukrani. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kuwa nimepona, mchungaji akasema amina, mbuzi wawili wakaliwa. Sasa watu wananikuta barabarani nikisubiri gari la Bwera, kadi ya kliniki mkononi, wananiuliza, "Muzee, si ulipona?" Mnataka nikawaombe warudishe nyama?

3. Mnanipitishia kamera puani kutafuta kitu ambacho Mungu ameshakiondoa. Huko ni kumkagua Mungu, tena kwa tochi.

4. Mmemfundisha mke wangu, Ketura, kunipapasa shingo kila Jumapili kabla ya ibada. Ananibinya kama anayechagua parachichi sokoni. Nilimpiga marufuku tangu Krismasi na nyumba imetulia.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri kwamba nimepona kabisa, nikitundike karibu na picha ya harusi. Pia Sista Laurentine aje kanisani kwetu aungame kwamba ana imani haba. La sivyo, tarehe kumi na nne ya mwezi ujao msinisubiri.

Nisalimie wauguzi wote, hata yeye, na yule mlinzi wa getini.

Ni mimi, mzima wa afya,
Tsongo

Baada ya sahihi: Nilimpa Ketura barua hii ailete. Ameisoma yote na hakucheka. Akaniketisha, akanishika shingo bila kuniomba ruhusa. Upande wa kushoto, chini ya taya, vidole vyake vikasimama. "Hii iko nini?" akauliza. Uvimbe huo naujua tangu kabla ya Krismasi. Daktari, naogopa. Tarehe kumi na nne ni mbali. Barua hii inatangulia leo na gari la Bwera; sisi tunakuja kesho asubuhi. Tafadhali mwambie Sista asiende popote.