Mikono Miwili, Vyuo Viwili

Jumatatu, 4 Agosti
Toledo, joto la kufa mtu. Barua mbili mezani. Chuo cha wilaya kimenipa nafasi: stashahada ya uuguzi, miaka miwili. Chuo kikuu nacho: shahada, miaka minne. Mtihani wa leseni ni uleule! Mke wangu Joanie anasema hapa hakuna cha kufikiri. Mtoto anakuja Desemba, na foleni ya chuo cha wilaya tumeisubiri miaka miwili. Lakini Brenda Wozniak, msaidizi mwenzangu kwenye nyumba ya wazee, kachagua nafasi ya shahada chuo kikuu. Katangaza huku anatafuna donati kwamba atakuwa bosi wangu. Bosi wangu! Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa saa sita mchana, kote. Nimepata akili: nimekubali vyuo vyote viwili. Joanie nimemwambia stashahada.

Jumanne, 5 Agosti
Ili kuthibitisha, kila chuo kinataka fomu ya kipimo cha kifua kikuu iliyotiwa saini kabla ya Ijumaa hiyo saa sita. Unadungwa chini ya ngozi ya mkono, unarudi baada ya siku mbili, muuguzi anasoma kama pamevimba. Saa mbili asubuhi, kliniki ya chuo cha wilaya, mkono wa kushoto. Saa tatu, kliniki ya chuo kikuu, mkono wa kulia. Mungu hakukosea hesabu.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa! Nimekunja shati mkono wa kulia pale chuo kikuu, na nani anakuja? Bibi Pruchnik, yuleyule aliyenidunga wa kushoto! Kumbe ana zamu kliniki zote mbili. Hakupiga kelele. Kaniuliza, "Kijana, una vifua vingapi?" Atatia saini fomu moja tu, nichague palepale, maana kuna watu wanaingoja nafasi ninayoikalia. Nilishafungua mdomo niseme stashahada. Naapa! Sauti ikatoka nyuma kwenye foleni. Brenda. "Sema tu stashahada, Randy. Wewe hiyo inakutosha." Damu ikanichemka. Nikamwambia Bibi nitarudi kesho kabla ya saa sita. Akauliza kama nina hakika. Ninayo!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefika kliniki ya chuo kikuu saa tano na dakika kumi. Nimenyoosha mikono yote miwili. Bibi Pruchnik akatazama saa. Kipimo hakisomwi zikishapita saa sabini na mbili, nazo zilikwisha saa mbili mkono wa kushoto, saa tatu wa kulia. Kudungwa upya ni siku mbili nyingine. Mimi, ninayewakumbusha wazee jambo hilohilo kila mwezi! Nilimsihi, nikamtajia mtoto. Macho yake yalilowa, kalamu haikutoka mfukoni. Saa sita nafasi zote mbili zikaenda kwa wengine. Joanie hakunigombeza. Alishika tumbo, akauliza kama ina maana tunaanza kusubiri upya. Nikalia. Kweli nililia, kwa aibu.

Jumamosi, 9 Agosti
Akili imetulia. Kosa nimeliona, nalo ni moja tu: vyuo vilikuwa vichache. Leo nimejaza maombi ya vyuo vitatu. Joanie nimemwambia kimoja.