Kupandishwa Cheo Kabla ya Kuajiriwa

Maneno yalimfika Mama Sindano akiwa anakunja upindo wa suruali ya mtu, na tangu hapo hayakumtoka. Eti lile duka kubwa la samani karibu na kituo cha basi, lenye vioo kutoka chini mpaka juu, halina mfanyakazi hata mmoja. Wanaofagia, wanaobeba makochi, wanaokukaribisha mlangoni kwa tabasamu la meno yote, wote wako kwenye majaribio. Wakichoka wanaondoka, na siku hiyohiyo wanaingia wengine kujaribiwa.

Aliyeyaleta kijiweni ni Ripota, tarishi mstaafu ambaye aliacha kazi ya kusambaza barua akabaki na ya kusambaza habari. Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili na birika la kahawa kwenye kibaraza cha kinyozi. Cherehani ya Mama Sindano iko pembeni kabisa, kwa hiyo hata asipotaka kusikia, anasikia.

Asubuhi hiyo redio ya kinyozi ilitangaza kwamba duka lile limesifiwa kwa kutoa nafasi kwa vijana. Ripota alicheka mpaka kahawa ikampalia.

"Nafasi zipo, nani kasema hazipo," alisema akijifuta kidevu. "Nafasi ya kusimama, nafasi ya kubeba kabati. Ajira ndiyo sijaiona."

Kinyozi, ambaye hata ukimwambia kumekucha atachungulia nje kwanza, akabisha. Akasema lisemwalo lipo, sawa, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefanya kazi bila kuajiriwa.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Ripota akamjibu. "Pale mgeni anapewa jembe mlangoni. Akishalima shamba lote, anaambiwa bado ni mgeni."

Mabenchi yakaangua kicheko. Mama Sindano hakucheka. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedeli, kwa sababu ndani ya duka lile, upande wa vitanda, alikuwamo kitinda mimba wake. Binti mwenye cheti cha uhasibu, akipangusa vumbi na kupiga mito makofi ijae.

Alikwenda pale kwa usaili, akaambiwa usaili una hatua. Ya kwanza ilikuwa kupanga viti, waone kama ana jicho. Ya pili kubeba meza, waone kama ana moyo. Ya tatu ilikuwa kusubiri, na hapo ndipo gari lilipokwama. Mvua zilianza zikaisha, binti anasubiri huku anapangusa. Na sasa mwenye bekari ya mtaa wa pili alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwenye kaunta na kumwekea hesabu. Alikuwa amemwambia Mama Sindano waziwazi kwamba nafasi hiyo ataishikilia mpaka adhuhuri ya leo, baada ya hapo anampa mwingine. Mama alimbembeleza binti yake kama anayemlisha dawa. Binti akajibu kwamba akiondoka sasa atakuwa amepoteza yote, maana amebakiza kidogo. Kidogo gani? Hawajasema.

Kijiweni mjadala ulishapanda. Kinyozi alikuwa anaeleza kwamba hata yeye alifagia nywele kwa mwalimu wake muda mrefu kabla ya kukabidhiwa mkasi, na hakufa. Vijana wa siku hizi wanataka kuvuna kabla ya kupanda.

Ripota akaweka kikombe chini. "Ulikuwa unakula kwake?"

"Nilikuwa nakula."

"Ukatoka na ufundi?"

"Si ndio huu unaokunyoa."

"Basi huyo alikufundisha. Mhasibu anayepiga mito makofi atatoka na ufundi gani? Wa kuzaba makofi?"

Kinyozi akashika kidevu chake mwenyewe kama anayepima pa kunyoa.

Hapo binti akatokea ng'ambo ya barabara, anakuja mbiombio, beji inang'aa kifuani, uso umechanua. Nyuma yake alikuwa meneja wa duka, kijana ambaye kijiwe kizima kinamwita Meneja Tai, kwa jinsi anavyoikaza tai yake mpaka mishipa ya shingo inaomba msaada. Huja kunywa kahawa kwa kusimama, asije akakunja suruali.

Binti aliwaamkia wote, kisha akamwinamia mama yake. "Mama, nimepandishwa cheo."

Tangu leo yeye ni msimamizi wa walio kwenye majaribio. Atawapokea wapya, awaonyeshe viti vinapopangwa, awaangalie kama wana moyo.

"Na wewe umeshaajiriwa?" mama akauliza.

"Bado. Hii nayo ni hatua."

Kinyozi, aliyekuwa upande wa duka tangu asubuhi, akashindwa kuvumilia. "Kwa hiyo umepewa unahodha, tiketi ndiyo huna."

Meneja Tai akapokea kikombe chake cha kahawa, akatabasamu kwa upole wa kazini. Akawaeleza wazee kwamba dunia ya kazi imebadilika, siku hizi mtu haajiriwi, anajijenga. Subira yavuta heri. Na pale dukani, kwanza, wao si wafanyakazi na bosi. Wao ni familia.

"Familia gani hiyo, mwanangu," Ripota akauliza, "ambayo watoto wote ni wa kufikia?"

Watu wakacheka tena, lakini kicheko kilikatika njiani, maana Mama Sindano alikuwa ameinuka, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Jua lilikuwa limeshakaribia utosini. Hakupandisha sauti.

"Baba, mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la saba. Naomba nikuulize neno moja tu, unijibu kama unavyomjibu mama yako. Wewe uliajiriwa lini?"

Meneja Tai akatazama ndani ya kikombe, kama vile jibu lilikuwa chini ya machicha. Akalegeza tai kidogo. Ndiyo mara ya kwanza kijiwe kuiona shingo yake.

"Mimi niko kwenye majaribio ya uongozi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla vioo havijawekwa."

Binti alimkodolea macho yule kijana aliyekuwa akimtia moyo kila alipochoka.

"Uliniambia ulianzia hapa nilipo."

"Nilianzia."

"Kumbe bado upo."

Akaivua beji. Akaishika kidogo, akatafuta pa kuiweka, akaiacha kwenye benchi karibu na birika. Kisha akamtazama mama yake, na Mama Sindano hakusema nilikwambia, ingawa neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akasema tu, "Twende, jua halitusubiri."

Walikwenda wakikimbia nusu, suruali ya watu imeachwa chini ya sindano. Mwenye bekari, mama mfupi mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alikuwa mlangoni anatazama juu. Akawakaribisha, na Mama Sindano, kabla hata hajapata pumzi, akauliza mshahara ni wa kila lini, na majaribio yanaisha lini. Mwenye bekari akamwambia binti anza kesho, na kesho yenyewe inalipwa.

Walipogeuka, Meneja Tai alikuwa amesimama nyuma yao, tai mkononi.

"Mama, humhitaji na mtu wa kupakia mikate?"

Mwenye bekari akampima kwa macho, akamuuliza kama ana uzoefu.

"Uzoefu ninao mwingi," akasema. "Kazi ndiyo sijawahi kuwa nayo."

Mzazi mwenye mtoto anayetafuta kazi, mwambie aepuke haya:

Kazi inayoanza kabla mshahara haujatajwa.
Usaili wa kushika ufagio.
Majaribio yasiyo na siku ya mwisho. Aulize mapema, asione haya.
Cheo kinachotangulia ajira.
Bosi anayesema "sisi ni familia" na hajui unaishi wapi.
Duka ambalo kila ukipita sura ni mpya.
Kukaa mahali kwa sababu tu umeshakaa sana.
Kumcheka aliyenaswa. Alikuwa anatafuta kazi.