Alama ya Achari kwenye Daftari la Mithu

Jumanne, 3 Juni
Mhariri wetu, Dada Sarbani, kapiga simu. Toleo la vijana la jarida letu, la sikukuu ya mungu wa kike Durga, limebakiwa na nafasi moja ya riwaya. Hadithi zangu za mizuka zimewachosha wasomaji! Anataka yale yasiyosemwa nyumbani: hedhi, aibu, mwili. Sarkhel, mwandishi mshindani wangu, naye kaambiwa. Nimemwona sokoni akichagua samaki huku anatabasamu. Ana lake jambo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepeleka mwanzo wa riwaya. Msichana Ruma "hajisikii vizuri" kwa kurasa kumi na mbili. Dada Sarbani kauliza kama ni malaria. Nikasema ni staha. Akasema wasomaji wana miaka kumi na nne na si wajinga. Maneno hayo kalishwa na Sarkhel!

Ijumaa, 6 Juni
Mama yangu kamfukuza binti yangu Mithu kwenye chupa ya achari. Eti akiwa katika siku zake akiigusa itaoza. Mithu akanitazama. Nikajificha nyuma ya gazeti. Akaenda kuandika kwenye daftari lake. Ana miaka kumi na nne. Kumi na nne!

Jumamosi, 7 Juni
Mithu kaenda kwenye masomo ya ziada. Nimelisoma daftari, huku nakula bisi za mchele kwa achari. Ni kwa ajili ya fasihi. Kaandika kwamba alimngoja baba yake aseme neno moja tu, na baba akafunua ukurasa wa michezo. Moyo uliniuma, kweli kabisa. Nikanakili yote kwenye sura mpya ya riwaya, nikampelekea Dada Sarbani.

Alhamisi, 3 Julai
Balaa! Dada Sarbani anauliza kwa nini sura yangu imo pia kwenye hadithi aliyoletewa na msichana mmoja. Hadithi ya baba mwizi wa daftari. Mwandishi ni Mithu! Nafasi kapewa yeye. Nikamuuliza Mithu alijuaje. Akanionyesha alama ya kidole kwenye daftari, mafuta ya achari. Bibi hajui kusoma, akasema, na mimi nilikatazwa kugusa achari. Kisha akasema ningemuuliza tu, angeniambia yote. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Ijumaa, 4 Julai
Nimemwomba radhi Mithu, nimeapa sitaligusa tena daftari lake. Siku zake zimerudi, na mbele ya Mama nimempa chupa, akatupakulia achari kwa mkono wake. Haikuoza. Tumecheka. Baadaye akafungua daftari jipya, akaandika muda mrefu. Ameandika nini juu yangu?
Chini ya godoro halipo. Nyuma ya kabati halipo. Safari hii nimenawa mikono kwanza.