Mipira ya Stenlesi kwenye Pikapu ya Maua

Jumatatu, 7 Oktoba

Shemeji Nurdini kaja kutoka Igalula. Hata maji hakunywa. Kasema Jumamosi ni hitma ya dada yake, Maua, marehemu mke wangu. Mwaka umetimia. Niende na pikapu aliyokuwa anabebea asali. Ikifika inatembea, yangu. Ikishindwa, anaiuza. Nikakubali. Ningesemaje? Mtandio wake bado uko kwenye kiti cha abiria.

Ugonjwa naujua. Mipira ya upepo kwenye injini, ile inayosaidia na breki, imezeeka, inavuja. Injini inatetemeka, inazima. Maua alikuwa anaifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, basi, safari.

Jirani Shaban, fundi, kachungulia. Kasema uliopasuka ni mmoja tu, atanibadilishia bure, kwa ajili ya marehemu. Bure! Huyu alimposa Maua kabla yangu. Hagusi.

Naweka ya stenlesi. Ile iliyosukwa waya kwa nje, inang'aa. Yote! Ukweni wajitazame humo.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata mipira kwa dereva mmoja anayevuta magari mabovu. Kachukua redio yangu. Sawa. Nyumba imezoea kimya.

Nimekata ya zamani yote kwa mpigo, nikatupa jalalani. Shaban kauliza juu ya ukuta kama nimeweka alama, upi unaenda wapi. Nikamwambia alama ni kichwa changu. Kasema, "Haya, kichwa."

Stenlesi haikatiki kwa kisu. Nikatumia msumeno. Waya zikachanua kama ufagio, zikanichoma vidole vyote. Kesho nina magunia ya kupakia stesheni. Nitayashika na nini?

Alhamisi, 10 Oktoba

Imewaka! Ikapiga kelele. Ikazima. Mipira mipana, inapwaya. Inafyonza hewa, fsssss, kama birika. Shaban anakohoa huko kwake. Si kikohozi kile.

Nikakumbuka. Madebe ya Maua aliziba kwa nta, hayakuvuja hata siku moja. Bonge lake la mwisho liko chini ya kitanda. Lina alama za vidole vyake. Nilikuwa naweka vyangu humo, wakati mwingine.

Nikaliyeyusha. Nikaziba kila ncha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Imetulia! Injini inanguruma taratibu kama paka. Nikakaa ndani, nikalia kidogo. Vumbi.

Shaban kasema, "Doto ndugu yangu, injini ikipata moto hiyo nta inayeyuka, inanyonywa ndani." Wivu! Nikafunga boneti.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimetoka asubuhi, kanzu safi. Njiani gari likaanza kunukia asali. Likanukia Maua kabisa, kama amekaa pale kwenye mtandio wake. Nikamsimulia habari za mwaka mzima. Nikamwambia na habari ya redio.

Kumbe ni nta inayeyuka.

Injini ikatetemeka. Nikakanyaga breki, ngumu kama jiwe. Mbuzi mbele! Nikakata kona, nikaingia shamba la tumbaku, nikagonga kichuguu. Kimya.

Nimefika ukweni navutwa na ng'ombe. Dua imekwisha, watu wameshika sahani za pilau. Kicheko! Nurdini kasema, "Karibu shemeji. Injini yako ina pembe."

Mama mkwe hakucheka. Nilimwamkia, shikamoo mama, akanipita. Kaenda kwenye boneti, kainama. Kasema, "Mwanangu ananukia." Akakaa chini pale pale. Hakuna aliyecheka tena.

Gari limebaki. Mnunuzi anakuja Ijumaa. Nurdini kasema nikiliwasha kabla ya hapo, nichukue. Nimerudi na treni, mtandio mfukoni. Bonge la nta halipo tena.

Jumapili, 13 Oktoba

Shaban kagonga mlango. Kaleta vile vipande vya tyubu. Kaviokota jalalani, kavifuta tope. Mafundo ya Maua, hajafungua hata moja. Kasema na yeye yalimshinda kutupa. Nikamtilia chai. Ikapoa.

Kisha kasema twende Igalula kesho, mpira mmoja tu wa kawaida, gari litarudi. Bure.

Nikamshukuru. Nikamwambia aende akalale.

Mafundo nimeyatundika msumarini, juu ya kitanda. Nimewaza sana. Kosa nimeliona: nta ni laini. Barabarani wanamwaga lami. Lami ikikauka, ngumu! Kesho naomba debe moja.

Na Shaban asijue.