Siku Niliyojitoa kwenye Kundi la Ukoo

Jumamosi, 4 Oktoba

Simu imejaa. Imekataa kupokea picha ya Rudayna, mchumba wangu. Nikachungulia ndani. Picha za waridi na "asubuhi njema": elfu kumi na moja! Zote kutoka kwa jamaa. Nimeamua kuingia kwenye ndoa na simu safi. Posa ni Ijumaa. Ami Dhiyab, kaka wa marehemu baba, ndiye atakayeongoza wazee wa ukoo mpaka kwao Rudayna. Ami asipoongoza, baba yake Rudayna hafungui hata geti.

Nimejitoa kwenye makundi thelathini na moja, la ukoo likiwa la mwisho. Kisha nikafuta namba ya kila mtu ambaye sijampigia mwaka mzima. Nilijihisi mwepesi, nusura nilie.

Jumapili, 5 Oktoba

Kimya kitakatifu. Simu haijalia tangu alfajiri. Nimemweleza Layth, mtoto wa Ami. Yeye simu yake ina namba elfu mbili, fujo tupu. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Hongera, bwana msafi." Wivu!

Mama analalamika kwamba mke wa Ami hakuitikia salamu yake kwenye tanuri la mkate. Nikamwambia huenda hakusikia.

Jumanne, 7 Oktoba

Balaa. Dada yangu Shuruk amekuja na simu yake, akanionyesha. Jumamosi, saa nne asubuhi, Ami alituma kundini picha ya baba akiwa na sare za jeshi. Siku hiyo ilitimia miaka kumi tangu baba afariki. Akaomba kila mmoja amsomee Fatiha. Chini ya picha, mstari mmoja: "Mutasim amejitoa." Halafu watu sitini wakaitikia amina.

Sijawahi kuona haya namna hii. Siku ya baba, na mimi nilikuwa nahesabu waridi. Shuruk anasema Ami ametangaza kwamba anayeikimbia Fatiha ya baba yake akajiposee na simu yake. Nikataka kumpigia. Namba sina! Tunakaa mtaa mmoja, sikuwahi kumpigia, nikaifuta.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwomba Layth namba ya baba yake. Akasema, "Si ulikuwa unafagia? Endelea kufagia." Mama akanipa. Akanipa na waridi moja lililoandikwa "Nisamehe", kwa kuwa mimi sina hata moja. Nikamtumia Ami. Amelifungua. Hajajibu.

Mama anasema kosa kama hili haliombewi radhi kwa simu, linaombewa na wazee. Akaniita mpumbavu. Alikuwa analia, kwa hiyo sikubisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wazee niwatoe wapi? Wote ni wa ukoo, wote wamenuna. Nimeokoteza kinyozi, muuza mkate na mwalimu Jiryis, jirani yetu mstaafu. Ami alitukaribisha, akamimina kahawa. Mwalimu akakiweka kikombe chini bila kuonja. Ndivyo ilivyo: mwenye haja hanywi mpaka haja yake ikubaliwe. Akasema wamekuja kumwombea kijana. Kahawa inapoa. Kinyozi anakitazama kikombe chake kwa huzuni.

Ndipo Ami akaniuliza baba alifariki siku gani. Nikataja. Akauliza saa ngapi. Sikujua. Akasema yeye anajua, maana alikuwa amemshika mkono.

Nililia mbele ya kinyozi. Ami naye akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Haya," akasema, "kunyweni kahawa yenu." Akaweka sharti moja: nirudi kundini na nisijitoe mpaka nizikwe. Nikaapa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Alhamdulillahi! Wazee arobaini. Ami alizungumza vizuri mpaka mjomba wa Rudayna akatoa leso. Wamekubali! Layth amenirudisha kundini, na kwa heshima ya posa amenifanya msimamizi mwenzake. Abu Sakhr, baba yake Rudayna, naye ameingizwa. Sasa sisi ni damu moja, alisema Ami, na wote wakaitikia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Simu imejaa tena! Pongezi mia nne. Nimeapa kutojitoa, na mimi ni mtu wa neno langu. Lakini sikuapa kuhusu wengine. Msimamizi naye ana wajibu wake.

Nimeanza na aliye mzito kuliko wote. Tangu jana Abu Sakhr ametuma video tisa za mizinga yake ya nyuki, moja ya dakika ishirini. Maskini mzee wa watu, simu yake nayo lazima imeelemewa na mawaridi yetu. Nikabonyeza. Mstari ukatokea, ukoo mzima ukauona: "Mutasim amemwondoa Abu Sakhr." Wema wangu wa kwanza kama mkwe. Mpaka sasa hajasema kitu. Nadhani anafurahia utulivu.