Sahani Nyeupe na Viatu vya Dhahabu

Jumatatu, 1 Desemba

Nimepata harusi! Gurleen, binti ya Bwana Harbans wa duka la mabati, anaolewa Jumapili katika hekalu la Singasinga hapa Kisumu. Baba yake alitaka picha zipigwe na Sydney Wandera, yule kijana wa studio ya ng'ambo ya barabara. Ana droni, kamera mbili na ndevu zilizochongwa kwa rula. Gurleen akakataa. Alimwambia babake kwamba picha zake zote za shule nilizipiga mimi, na kwamba Mama Debra ndiye mtu pekee aliyeweza kumchekesha alipokuwa na pengo.

Mama Debra ni Beldina, mke wangu. Alifariki mwezi Machi. Kabla ya kila kazi alikuwa akisimama mahali mteja atakaposimama, ameshika sahani nyeupe chini ya kidevu ili nipime mwanga, nguo ya bibi harusi isije ikatoka manjano kama ugali wa mahindi ya njano. Sahani ile ile siku zote, yenye ua la buluu ukingoni. Na alikuwa akiongea muda wote. Ndiyo maana katika kila picha mdomo uko wazi.

Bwana Harbans amekubali kwa sharti. Wandera apige video, mimi picha. Nikikwama, Wandera anachukua zote mbili, na mimi nirudi kwenye picha za pasipoti. Akauliza kama nina kamera mbili, maana mpiga picha wa kamera moja ni kama dereva asiye na gurudumu la akiba. Nikasema ninazo mbili, bila wasiwasi.

Ninayo moja.

Jumanne, 2 Desemba

Mpango! Ile kamera ya zamani iliyotumbukia ziwani pale Luanda Kotieno, siku nilipompiga picha bibi harusi akishuka kwenye feri, bado iko kabatini. Imekufa, lakini imekufa ikiwa na sura nzuri. Kubwa kuliko zote za Wandera! Nimeipangusa, nimeivika mkanda mpya. Itaning'inia shingoni. Nani atajua?

Aoko amejua. Huyu ni mdogo wake Beldina, anauza samaki sokoni na hupita kuniletea kitoweo. Aliitikisa, ikalia kama kayamba. Akasema shemeji, ukipenda kutembea na maiti shingoni ni shauri lako, lakini ile kadi umeshaihamisha?

Ile kadi. Kamera yangu iliyo hai ina kadi moja kubwa, na nusu yake ni Beldina. Kila baada ya kazi nilifuta picha za wateja nikaacha zake za sahani. Pia kuna video moja ndefu, nilibonyeza bila kujua. Haionyeshi chochote ila miguu yake na sakafu. Lakini sauti ipo. Ananigombeza.

Aoko anasema mambo ni rahisi. Nimhamishe Beldina kwenye diski mbili, moja ikae kwangu na nyingine kwake, kisha nisafishe kadi kabla ya harusi. Kompyuta yangu ilizima zamani, kwa hiyo niende kwa Wandera. Kwa Wandera! Nimemwambia nitaona Alhamisi. Ukweli ni kwamba naogopa. Anayehamisha vifaranga gizani hupoteza mmoja. Hiyo si methali, nimeitunga mwenyewe, lakini ni kweli.

Alhamisi, 4 Desemba

Sijahamisha. Nilikuwa na shughuli.

Shughuli yenyewe: viatu. Nilikwenda Kibuye kwenye mitumba. Nimepata viatu vya dhahabu! Vimedariziwa kwa uzi, ncha zimepinda juu kama pua ya mtumbwi. Harusi ya watu, vaa kama watu. Wandera atakuja na raba zake nyeupe, na mimi nitaonekana mtu wa familia. Muuzaji aliapa kwamba viliteremka kwenye belo vikiwa vyenyewe, vinanisubiri. Vinabana kidogo.

Halafu kuna suala la akiba. Ninayo kadi ndogo tupu na betri moja ya pili. Beldina alisema mfuko ni wa mwizi na begi ni la kusahau, kwa hiyo vitu vya akiba vikae ndani ya soksi. Hakuwahi kuibiwa hata mara moja. Mpango umekamilika pande zote.

Ijumaa, 5 Desemba

Stima imepotea mtaa mzima tangu asubuhi. Betri zote mbili ni tupu. Wandera ana jenereta, nasikia ikinguruma kutoka hapa kama inanicheka.

Mpango! Nimemtuma Aoko na betri na chaja ndani ya kikapu cha samaki, aseme ni za jirani. Amerudi betri zikiwa zimejaa. Eti Wandera amenisalimu kwa jina. Amesema waya wa chaja ya jirani umetafunwa na panya, ameuziba kwa utepe, na jirani huyo ajue kwamba kadi ya picha haifai kuwa moja tu, kwa maana kadi hufa bila kuugua.

Dharau! Na utepe wenyewe ameufunga vizuri mno.

Aoko akauliza tena habari za kuhamisha. Nikasema baada ya harusi.

Jumapili, 7 Desemba

Naandika upesi kabla mambo hayajachanganyika kichwani.

Asubuhi ilianza vizuri. Nilipima mwanga mlangoni pa hekalu. Mkono wa kulia kamera, wa kushoto sahani. Picha ya sahani na kidole gumba. Basi.

Kisha akaja nyanyake Gurleen kwenye kiti cha magurudumu. Akatazama kamera zangu mbili, akasema yeye atapigwa picha na ile kubwa, ile ndogo ni ya watoto. Nikapiga goti mbele yake. Nikabonyeza. Kimya. Nikaita "kacha!" kwa ulimi. Akataka kuona picha. Nikamwambia hii ni ya kusafishwa kwanza, kama za zamani. Alifurahi mno! Akasema marehemu mumewe alikuwa na ya namna hiyo, na kwamba picha usiyoingojea si picha. Kwa hiyo nina deni la picha ambayo haipo, kwa mama mzazi wa mwenye shughuli.

Kuingia hekaluni, unafunika kichwa na kuvua viatu. Nilifunga kitambaa cha Beldina kichwani. Viatu nikavua. Hapo nikagundua kwamba soksi ya kulia ina tundu na kidole kinachungulia. Aibu! Nikavua soksi zote mbili, nikazisokomeza ndani ya viatu, nikaingia peku kama kuhani.

Ndoa yao ni mizunguko minne. Bwana harusi mbele, bibi harusi nyuma ameshika ncha ya kitambaa chake, wanakizunguka Kitabu Kitakatifu polepole huku waimbaji wakiimba. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, safi kabisa. Gurleen alinipita akatabasamu vile vile kama enzi za pengo. Wa tatu ulipokwisha, kamera ikasema kadi imejaa.

Nikatoka mbio kufuata akiba. Viatu hakuna!

Mzee wa kulinda viatu alikuwa anacheka. Akanieleza kwamba wasichana wa upande wa bibi harusi wamepita. Ni desturi yao: wanaiba viatu vya bwana harusi na kuvificha, mpaka ndugu zake wavikomboe. Wakiongozwa na Kajal, rafiki ya Gurleen, waliona pale kati ya viatu vyote jozi moja ya dhahabu yenye ncha zilizopinda. Wangefikiri ni vya nani? Vya fundi wa picha?

Nikarudi ndani peku. Mzunguko wa nne ndio unaofunga ndoa. Wandera alikuwa upande wa pili na video yake. Akaniona uso, akanyanyua kadi yake juu kuniuliza. Aina nyingine, haiingii kwangu. Akaonyesha kwa kidole: futa kitu.

Kufuta nini? Picha za asubuhi ni za wazazi na wageni kutoka Nairobi. Waimbaji wakaanza tena. Gurleen akainuka. Nikazungusha kitufe mpaka mwanzo wa kadi. Beldina na sahani. Beldina na sahani, amefumba macho. Beldina akinyooshea kidole taa. Sikuweza. Kisha video ya miguu. Kubwa, inatosha mzunguko mzima na zaidi.

Najua angesema nini, maana ndicho anachosema ndani yake: Baba Debra, piga kazi ya watu.

Nikafuta. Nikapiga mzunguko wa nne wote, kila hatua. Sikuona vizuri kwa sababu ya macho, lakini kamera inaona yenyewe.

Nje, Kajal aliketi juu ya ngazi akivipunga viatu vyangu hewani, akidai fidia. Ndugu za bwana harusi wakacheka mpaka vilemba vikapinda. Bwana harusi akaitwa athibitishe. Alikuja na viatu vyeusi vya kawaida. Akavitazama vyangu kwa muda, akasema kwa heshima zote kwamba hajawahi na hatawahi. Nikanyoosha mkono nikasema ni vyangu, na kwamba ndani mna soksi zangu. Kajal akaangusha kiatu kama kimemwuma! Nikapata kadi ndogo, nikaendelea na kazi mpaka chakula. Walinirudishia viatu pamoja na sahani ya vitamutamu vya jalebi. Jioni viatu vilinishinda kwa kubana, nimerudi navyo mkononi.

Bwana Harbans atataka kuona picha kwanza.

Jumatatu, 8 Desemba

Wandera amekuja mwenyewe. Nilijua anakuja kucheka. Akasema Mzee, ile kadi kubwa usiiwashe, usipige kitu kingine juu yake, nipe. Akanieleza kwamba kitu kilichofutwa hakiondoki mara moja. Hukaa pale pale mpaka kitu kingine kikalie mahali pake. Akaweka kadi kwenye kompyuta, na programu yake ikaanza kuchimba. Sisi tukaketi tunakunywa chai ya Aoko.

Kwanza zilihamishwa picha. Zote. Beldina na sahani, Beldina na sahani, skrini nzima vinywa wazi. Aoko alicheka mpaka akajifuta kwa kanga.

Kisha video. Imerudi nusu. Miguu yake, ndala zake za kijani, sakafu. Anasema Baba Debra, umebonyeza nini tena? Ananiambia nisogee, kivuli changu kinamwangukia mteja. Anasema sasa hapo hapo, usi... Halafu inakatika. Nusu nyingine haipo. Wandera alionyesha kwenye skrini: mahali ilipokuwa sasa yuko Gurleen, mzunguko wa nne, mguu mmoja mbele.

Niliitazama ile picha muda mrefu. Nzuri. Weupe ni weupe. Nadhani Beldina angesogea kumpisha. Alikuwa akisogea kuwapisha wateja maisha yake yote.

Wandera akachukua ile kamera kubwa, akaitikisa. Kayamba. Akasema Mzee, hii haina hata uzima wa kudanganya. Kisha akanionyesha kipande cha video yake: nyanyake Gurleen ameinua kidevu kama malkia, mimi nimepiga goti mbele yake na viatu vya dhahabu. Ametoa humo picha moja. Nilimpelekea nyanya jioni. Amesema ndiyo maana za kusafishwa ni bora, mpiga picha mwenyewe anatokea ndani.

Bwana Harbans ameziona za mzunguko wa nne. Amesema ana mpwa Muhoroni anayeoa Pasaka. Nimwache Wandera apige video.

Diski moja iko kwangu, nyingine kwa Aoko. Wandera na Aoko wamenihubiria kwa zamu mpaka giza. Kadi mbili kubwa. Safisha kila baada ya kuhamisha. Akiba ikae kwenye mkoba wa kiunoni. Usidanganye mteja. Nimeelewa yote. Mimi ni mtu mpya!

Ijumaa, 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri

Kesho kuna harusi Asembo Bay, ya wenye samaki. Wandera anapiga video, mimi picha. Kadi kubwa nimeisafisha. Ni tupu kabisa, jambo geni.

Jioni hii tulijaribu taa uani. Mkono wangu haukutosha, kwa hiyo Aoko akashika sahani chini ya kidevu. Akaanza kusema shemeji harakisha, samaki wanaungua. Nikapiga. Mdomo wazi, macho yamefumba, ua la buluu limekaa vizuri.

Aliitazama, akasema amekaa vibaya, nifute. Nikasema ndiyo.

Sijaifuta. Moja tu itachukua nafasi gani?

Mkoba wa kiunoni nimeujaribu, unanivimbisha tumbo. Kadi ndogo na betri nimeziweka kwenye soksi. Viatu vya dhahabu vimepanguswa, viko mlangoni. Kule Asembo hakuna mtu anayeiba viatu vya bwana harusi.