Chumvi kwa Kila Mtu

Jumatatu, tarehe 4

Leo nimeanza kuumba ulimwengu. Nina mpaka Jumamosi.

Sababu ni hii. Juzi alikuja dukani kwetu mtengenezaji wa michezo ya kete, akitaka rangi ya kijani. Nikiwa namkorogea, akasema amechoka na mchezo wa nyoka na ngazi. Anatafuta mtu wa kumbunia dunia nzima, yenye nchi, wafalme na mito, wachezaji wasafiri humo wakiuziana bidhaa. Nikamwambia ninayo. Sikuwa nayo! Lakini duka la rangi si mahali pa mtu mwenye kipaji kuzeekea. Akasema nimpelekee Jumamosi, na akiipenda atanipa kazi ya kuchora.

Tatizo ni meza. Nyumba yetu ina moja tu, na ndipo mke wangu, fundi cherehani, anapokatia nguo. Wiki hii ana gauni la bibi harusi. Nimembembeleza wakati wa chai, wakati wa kula na wakati wa kuosha vyombo, ambavyo niliosha mimi. Kanipa nusu ya meza. Ila ulimwengu ukikataliwa, nusu hiyo inarudi kwake, na hataki kusikia tena neno ubunifu mpaka anaingia kaburini.

Karatasi nimeipata palepale mezani. Ya kaki, pana, safi upande mmoja. Upande wa pili ilikuwa na mistari mistari. Sikuijali.

Jumanne, tarehe 5

Jiografia imekwisha. Kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Bara moja, kisiwa kimoja, mlima mmoja. Mito yote inaanzia mlimani. Mmoja unapanda kilima kwa sababu mkono uliteleza. Nimeuacha.

Siasa ndiyo tamu! Wafalme lazima wafanane na watu, na watu ninaowajua ni hawa wa nyumbani. Kaskazini nimejipa mwenyewe: mfalme mpole, bandari, mgodi wa chumvi. Shemeji, kaka wa mke wangu, anayejua kila kitu isipokuwa njia ya kunirudishia ngazi yangu, nimempa kinamasi. Zao kuu, mbu. Mama mkwe nimempa kisiwa chenye volkano, mbali, bila bandari, asije akatembelea watu bila taarifa. Mke wangu nimempa bonde la pamba jirani na mimi, kwa kuwa nampenda na meza ni yake.

Chumvi yote iko kwangu. Watakuja kuniomba. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama naumwa.

Jumatano, tarehe 6

Mama mkwe kaja bila taarifa. Anamsaidia mwanawe kushona shanga kwenye gauni. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta kavaa miwani, kainamia ramani. Na mimi, kwa ujinga wangu, majina niliyaandika kwa herufi kubwa.

Volkano haikumuudhi. Alisema ina heshima yake. Kilichomuuma ni bandari. Akauliza wageni wake watashukia wapi. Akauliza pia kama watu wake watakula mboga bila chumvi mithili ya wagonjwa. Nikamwambia, Mama, huu ni mchezo tu. Akajibu ndiyo, ameuona mchezo wenyewe: kulea binti kwa taabu, kisha mkwe akunyime chumvi ya kuchora.

Nikampa bandari. Nikampa na mgodi. Kisiwa kilikuwa kimeshajaa, kwa hiyo mgodi wake nimeuchora ng'ambo, pembezoni kabisa mwa karatasi. Naye kaahidi kutomwambia shemeji habari za kinamasi.

Alhamisi, tarehe 7

Kamwambia.

Shemeji alifika kabla sijavua viatu. Alisema hana kinyongo, anauliza tu kiutu uzima: kwa nini mbu? Nikasema ni mambo ya hali ya hewa. Akataka hali ya hewa ibadilishwe. Nimekausha kinamasi. Kisha akataka bandari. Kisha chumvi, maana mama yake anayo. Nikampa vyote. Mke wangu, pini zikiwa mdomoni, akasema kumbe katika ulimwengu huu hupewa anayegomba, na anayenyamaza hubaki na pamba yake. Nikampa naye chumvi na bandari. Mama mkwe na shemeji wakadai pamba. Nikawapa, na mimi nikajipa. Vyote nimevichomeka pembezoni, ndiko kulikobaki nafasi.

Jioni nyumba ilikuwa na amani. Limebaki tatizo dogo la biashara. Kila nchi ina chumvi, ina pamba, ina bandari. Hakuna anayemhitaji mwenzake. Meli zimetia nanga na mabaharia wamelala. Nimeandika "biashara inastawi" na kuchora ngamia wawili.

Mke wangu akasema mtaka yote hukosa yote. Nikamweleza kwamba methali hazihusu ramani.

Ijumaa, tarehe 8

Msiba! Nimerudi kutoka kazini nikakuta ulimwengu umekatwa kwa mkasi.

Ile mistari ya upande wa pili kumbe ilikuwa vipimo vya kukatia gauni: mikono miwili na shingo. Mke wangu aligeuza karatasi akakata, kama ambavyo angefanya fundi yeyote. Kisha akauliza nani alinituma kuchora mabara mgongoni mwa bibi harusi. Mabaki ya pembezoni mama mkwe ameyafagia na kuyatupa kwenye takataka, pamoja na mgodi wake wa chumvi.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sioni haya kuandika. Nilijiona nikikoroga rangi ya kijani mpaka uzeeni. Mke wangu alipomaliza kukatia kitambaa akaja kukaa kando yangu, akanipa vile vipande. Akasema nivipeleke hivyo hivyo. Kuambiwa hapana hakuvunji mfupa.

Jumamosi, tarehe 9

Nimevigundisha kwenye ubao nikavipeleka. Mkono wa kulia, nchi yangu, una chumvi, lakini pwani yake imeliwa na mkasi, bandari hakuna. Mkono wa kushoto, wenye bonde la mke wangu na kinamasi kikavu cha shemeji, una pamba tupu. Lile duara la shingo ni kisiwa cha mama mkwe: bandari safi, na hana cha kuuza.

Mtengenezaji aliuinamia ubao. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Mara akamwita mke wake, wakarusha kete, wakacheza, wakagombana! Akasema huu sasa ndio mchezo. Mwenye chumvi hana bandari, mwenye bandari hana chumvi, lazima watu waendeane. Akauliza nilifikiriaje jambo zito namna hiyo. Nikasema ni miaka ya utafiti.

Akataka niupeleke Jumatatu ukiwa umechorwa vizuri. Akasisitiza nisiongeze kitu, hata nukta.

Mke wangu kanikumbatia. Kasema meza nzima ni yangu. Hajawahi kutamka maneno hayo tangu tuoane. Nina furaha kupita kiasi.

Jumapili, tarehe 10

Chakula cha kunipongeza. Kosa langu ni kuuegemeza ubao ukutani.

Mama mkwe akauliza chumvi yake iko wapi. Nikamkumbusha aliyeshika ufagio. Akaacha kula. Shemeji akauliza bandari yake, naye akaacha kula, baada ya kumaliza nyama. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilimwelewa vizuri sana.

Lakini bora nusu shari kuliko shari kamili. Tena mtengenezaji alisema nisiongeze nukta. Mgodi si nukta. Chumvi kidogo kwa kila mtu, na vibandari vidogo, nani ataona?

Jumatatu, tarehe 11

Ameona.

Alirusha kete mara moja, akauliza mchezaji anatoka bandarini kwenda kutafuta nini. Nikasema anakwenda kutembea. Akanirudishia ubao. Mchana kaja dukani kununua rangi ya kijani, akahudumiwa na mwenzangu.

Meza imerudi kwa mwenyewe. Mke wangu hakufoka. Ametandaza vitambaa mpaka kwenye pembe zote nne, kimya kimya, na hilo limeniuma kuliko ubao. Naandika haya stoo, juu ya kopo la rangi.

Hata hivyo kosa nimeligundua. Ni ardhi! Watu hugombania ardhi. Nimeanza ulimwengu mpya wa anga tupu: hakuna pwani, hakuna mgodi, kwa hiyo hakuna ugomvi. Mama mkwe kapita sasa hivi kuchukua ufagio, kachungulia, kauliza mwezi ni wa nani.

Nimempa.